Kengeleni Kuna Mtu?

Ukimuuliza mtu wa Nairobi aliyetoka Mombasa wikendi iliyopita aliona nini, jibu unaweza kumtangulia. Alishuka SGR Miritini, akapiga picha chini ya zile pembe za Moi Avenue, akazunguka Fort Jesus dakika arobaini, akaenda Pirates kuogelea, jioni akala viazi karai Lighthouse huku meli zikipita. Safari njema, hakuna ubaya. Lakini ni kama kwenda kwa nyanya yako ukakaa sebuleni, ukanywa soda, ukaaga bila kuingia jikoni.

Chukua hizo pembe. Kwanza si pembe, ni alumini. Ziliwekwa Kilindini Road, ndiyo Moi Avenue ya leo, katika miaka ya 1950, kupamba mji kwa ajili ya ziara za familia ya kifalme ya Uingereza. Baadaye barabara ikapanuliwa, jozi ya pili ikaongezwa, na hapo ndipo ile herufi M ikajitokeza. Kwa hiyo alama inayouzwa kwenye fulana na vikombe vya Mombasa ni mapambo ya kumkaribisha mgeni. Mji wenyewe ulikuwa na watu, misikiti na majina yake karne nyingi kabla. Ibn Battuta alipita hapa mwaka 1331, akakuta watu wanaokula ndizi na samaki, misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na desturi ya kuosha miguu kabla ya kuingia kuswali.

Tuingie jikoni basi. Mahali nitakapokutembeza hapana foleni na pengine hutapata picha ya kupendeza ya kupost. Nyingine ni jiwe tu, au mchoro wa mkaa ukutani, au jina ambalo makanga hulipigia kelele kila siku. Ila zote zinauliza kitu kimoja: mji ukiamua kukumbuka, humkumbuka nani?

Wasifu juu ya lango

Tuanze Fort Jesus, kwa sababu utaenda tu hata nikikukataza. Ngome ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, UNESCO ikaiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, hayo utaambiwa na kila mtu. Wewe simama langoni kwanza. Watu wengi hupita hapo wakitafuta pesa mfukoni. Juu ya lango kuna jiwe lililochongwa maandishi ya Kireno, na ukiyajua maana yake utacheka: ni bio. Kama ile ya Instagram, ila imedumu karibu miaka 400.

Mwenyewe ni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kapteni wa ngome mwaka 1635. Jiwe linatuambia kwamba alikuwa na miaka 27, kisha linaorodhesha mafanikio yake: alijenga upya ngome, aliitiisha pwani ya Malindi, aliwaadhibu watu wa Pate na Siu, na huko Pemba aliwaua viongozi walioasi. Hakuna aibu yoyote ndani yake. Fikiria mtu anaandika hivyo juu ya mlango wa ofisi yake.

Mbona alijisifu kwa sauti kubwa hivyo? Kwa sababu miaka minne kabla, Wareno walikuwa wameaibishwa ndani ya ngome hiyo hiyo na kijana mwingine. Jina lake Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani Hasan, aligombana na Wareno, akakimbilia bara, akauawa, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mtoto akachukuliwa akiwa mdogo, naye akapelekwa Goa huko huko. Akalelewa na mapadri, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia, akafunzwa ubaharia wa Kireno. Mwaka 1626 wakamrudisha Mombasa awe mfalme wao mtiifu. Wakadhani wamemaliza kazi.

Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamchoma kisu kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akarudia Uislamu na jina lake. Wareno wengi wa mji waliuawa siku zilizofuata. Walipotumwa wengine kutoka Goa kuiteka tena ngome, walishindwa. Mwaka 1632 Yusuf mwenyewe akaiacha, akapanda meli, akawa anawasumbua Wareno baharini hadi kifo chake upande wa Bahari ya Shamu. Wakati wa uasi hakuwa hata amefikisha miaka 30.

Sasa angalia tena lango. Vijana wawili, umri karibu sawa. Mmoja ana jiwe juu ya mlango. Mwingine hana hata kibao. Na si kwamba Yusuf alikuwa malaika, aliua na wasio na hatia pia. Lakini ukitaka kujua historia ya mji huu inavyofanya kazi, usiangalie jiwe pekee. Uliza nani alikuwa na patasi.

Michoro ya waliochoka

Ndani ya ngome, tafuta ule ukuta wenye michoro. Wengi huupita haraka kwa sababu haung'ai. Ni michoro iliyofanywa na mabaharia na askari Wareno kwa mkaa na udongo mwekundu: meli za matanga, watu, samaki, majengo. Hakuna aliyelipwa kuichora. Hawa ni vijana waliotumwa mbali na kwao, wakashikwa na homa na ukiwa, wakachora kile walichokitamani zaidi, yaani meli ya kuwarudisha nyumbani. Grafiti ya matatu na hii ni ndugu. Tofauti ni kwamba hii sasa imewekewa ulinzi, na ya kwetu hufutwa na kanjo.

Wengi wao hawakurudi. Kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 ngome ilizingirwa na Waomani kwa karibu miezi 33. Njaa na maradhi vikaua kuliko mizinga. Mwaka 1697 manowari Santo António de Tanná, iliyojengwa Bassein, India, ililetwa kusaidia. Ikazama mbele ya ngome. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi wakaichunguza chini ya bahari, na baadhi ya vitu walivyoibua viko katika jumba la makumbusho humo humo ngomeni. Ukisimama ukingoni ukatazama maji ya mkondo, meli iko chini hapo. Ni kivutio ambacho huwezi kukiona, lakini ukijua kipo, huyatazami tena yale maji vile vile.

Jambo la mwisho kabla hatujatoka: kuanzia 1895 hadi 1958 Fort Jesus ilikuwa jela. Sisi tunahesabu Wareno na Waomani, tukisahau kwamba kwa zaidi ya miaka 60, kwa wenyeji wa Mombasa, ngome ilimaanisha mtu wako kufungiwa humo. Mabwana wengi wamepokezana hilo jengo, ila mwenyeji alibaki nje ya ukuta akiangalia, au ndani akiwa amefungwa.

Bendera ya kujishonea

Toka ngomeni, ingia Mji wa Kale kwa Ndia Kuu. Usisahihishe tahajia, ndiyo Kimvita chenyewe: njia ni ndia. Fuata mitaa hadi upande wa bandari ya zamani, uulize Nyumba ya Leven. Karibu nayo kuna ngazi zinazoteremka hadi majini, na huko chini njia iliyochimbwa kwenye mwamba na kisima cha maji baridi. Kisima karibu hivyo na bahari, maji yasiyo na chumvi. Mabaharia walikijua.

Jina Leven ni la meli ya Kiingereza, na kisa chake ni cha ajabu kweli. Mwaka 1824 Wamazrui waliotawala Mombasa walikuwa na hofu ya Seyyid Said wa Oman. Wakaona heri kujificha nyuma ya mkubwa mwingine. Basi wakajishonea bendera ya Uingereza wenyewe, wakaipandisha ngomeni. Kapteni William Owen alipofika na meli ya Leven mwezi wa Februari, akakuta bendera ya mfalme wake inapepea mahali ambapo mfalme wake hana habari napo. Akakubali kuwalinda bila ruhusa ya London, kwa sharti kwamba biashara ya watumwa ikome.

Akamwacha luteni kijana, John Reitz, awe msimamizi. Reitz alikufa kwa homa miezi michache baadaye. Unalijua jina lake hata kama humjui: Port Reitz, ile unayoikaribia ukienda uwanja wa ndege wa Moi. Akaja James Emery, akashikilia hadi 1826. London ikasema haitaki. Bendera ikashuka. Mwaka 1837 Seyyid Said akaichukua Mombasa na utawala wa Mazrui ukaisha.

Miaka miwili tu, na imeacha jina la nyumba, ngazi na mtaa mzima. Kuna familia zilizoishi Mji wa Kale vizazi kumi bila kuachiwa hata kichochoro.

Reli iliyosukumwa na watu

Kituo kinachofuata hakipo. Nipe dakika moja tu.

Kabla ya ile reli maarufu iliyoanza kujengwa 1896 na kufika Kisumu 1901, kampuni ya Waingereza iliyokuwa inatawala hapa ilijaribu reli nyingine mwaka 1890. Iliipa jina kubwa: Central African Railway. Ikafika kilomita 11 hivi, ikakwama. Vyuma vyake vyembamba vikang'olewa na kutandazwa kwenye mitaa ya kisiwa cha Mombasa. Juu yake vikawekwa vigari vidogo, benchi moja na kitambaa cha kuzuia jua. Havikuwa na injini. Nyuma walikuwapo wanaume wawili Waafrika, miguu mitupu, wakikimbia na kusukuma.

Kwa miaka 30 hivi, afisa wa Kizungu akitoka Kilindini kwenda ofisini au klabuni alipanda toroli. Wakubwa walikuwa na matoroli yao binafsi, na reli ikaingia hadi mlangoni kwao. Picha za zamani zinaonyesha vizuri: mama wa Kizungu amekaa na kofia, sare za wasukumaji zimenyooshwa. Jina la anayesukuma haliandikwi chini ya picha. Katika miaka ya mwanzo ya 1920 magari yakashika mji, vyuma vikaondolewa.

Leo tembea Nkrumah Road kutoka Treasury Square kuelekea Digo Road. Sanamu za wakubwa utaziona. Reli huioni. Lakini ngoja kidogo Marikiti, utaona hamali anakuja na mkokoteni uliojaa magunia ya vitunguu, shingo imetoka mishipa, anapiga kelele watu wampishe. Hapo ndipo historia ya toroli imehifadhiwa. Hakuna makumbusho iliyoitunza, mabega ya watu ndiyo yaliyoitunza.

Mnara wenye mwenyewe

Panda tuktuk hadi Mbaraki, upande wa Kilindini, karibu na maghala na gati. Usitarajie bustani. Katikati ya malori na harufu ya bandari kuna mnara wa mawe ya matumbawe, urefu wa mita nane hivi, mtupu ndani, umesimama peke yake kama mtu aliyesahauliwa stejini.

Ukitoka Malindi au Lamu utasema ni nguzo ya kaburi, maana pwani yetu ina makaburi mengi yenye nguzo. Wengine husema ni la mkubwa wa zamani wa mji. Wanaakiolojia waliochimba hapa wanatoa simulizi nyingine. Palikuwa na msikiti tangu karne ya 15. Msikiti ukaachwa, ukawa gofu. Watu wakaanza kuja gofuni kwa mambo mengine: kuomba mvua, kuombea wagonjwa, kuwatuliza pepo. Kwa maelezo hayo, mnara ulijengwa kuwa makao ya pepo mkubwa. Yaani nyumba kamili, kwa mpangaji asiyeonekana.

Na bado huletewa zawadi: ubani, maji ya waridi. Anayeswali msikitini jirani huenda akakwambia huo ni ushirikina. Anayekuja na chupa ya marashi huenda naye anaswali tano. Pwani haijawahi kuwa rahisi kama vipeperushi vya hoteli vinavyosema.

Mimi huu ndio mnara ninaoupenda kuliko yote Mombasa. Kuna majengo yaliyotangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali, yakawekewa kibao, kisha yakaachwa mvua iyamalize. Huu umesimama katikati ya bandari inayomeza kila kipande cha ardhi, na nadhani sababu mojawapo ni kwamba kuna watu wanaouhitaji. Ukienda, vaa heshima, uliza kabla ya kupiga picha, na ukimkuta mtu na shida zake, mwachie nafasi. Hakuja kwa ajili ya maudhui yako.

Daraja linaloelea, na msitu wa jongoo

Sasa tuvuke. Leo unavuka Nyali kwa daraja refu lililofunguliwa 1980. Kabla ya hapo, tangu 1931, daraja la Nyali lilikuwa linaelea: mapipa makubwa juu ya maji, barabara juu ya mapipa, na ushuru wa kulipa ukitaka kupita. Ukicheka, kumbuka Liwatoni. Miaka 90 baadaye, wakati wa korona, serikali iliunda tena daraja la kuelea, la watembea kwa miguu, ili kupunguza msongamano feri ya Likoni. Kisiwa hiki kimekuwa kikitafuta njia ya kutoka kwa muda mrefu sana.

Nenda kwanza hadi Bamburi, halafu turudi nyuma. Haller Park wengi wanaijua kwa twiga na kwa kile kisa cha tsunami ya Desemba 2004: mtoto wa kiboko aliyebaki yatima akaokolewa Malindi, akaletwa hapa, akamfuata kobe mzee wa Aldabra kama mama yake. Kiboko aliitwa Owen, kobe aliitwa Mzee. Dunia nzima ikalia.

Mimi nataka uangalie chini, kwenye majani makavu. Hapa palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji. Tangu miaka ya 1950 mawe ya matumbawe, yaliyokuwa bahari zamani sana, yakachimbwa, yakachomwa, yakawa saruji, na saruji ikawa majumba ya Kenya nzima. Huenda ukuta wa fleti yako Umoja au Kasarani umetoka hapa. Kilichobaki kilikuwa shimo jeupe, joto kali, maji ya chumvi, hakuna udongo. Mwaka 1971 René Haller alipoanza kupanda miti, alijaribu aina 26, zikaishi tatu tu. Mmoja ulikuwa mvinje. Mvinje ukamea, lakini majani yake membamba yakarundikana chini bila kuoza. Shimo likawa na miti ila bado halina udongo.

Aliyeokoa kazi ni jongoo. Yule yule unayemruka kwa kuchukizwa msimu wa mvua. Haller alimwona mmoja akila majani ya mvinje, akaleta mamia. Wakala, wakatoa mbolea, udongo ukaanza kujengeka kidogo kidogo, mimea mingine ikaja, ndege wakaja. Msitu wote huo unaopigia picha na twiga umesimama juu ya kinyesi cha jongoo. Sijui mnara gani wa Mombasa wenye somo kubwa kuliko hilo.

Kengeleni

Ukirudi mjini kwa matatu, utasikia makanga akiuliza, "Kengeleni kuna mtu?" Safari hii jibu, "Yuko." Shuka.

Penye makutano, kando ya taa za barabarani na fujo ya bodaboda, kuna mnara mdogo wenye kengele. Watu hupita maelfu kila siku. Stejini hapo wameupa mgongo wakingoja gari la Mtwapa. Jina la mahali limekuwa kubwa hadi likameza kitu chenyewe: wengi wanajua Kengeleni, wachache wameitazama kengele.

Hapa ni Frere Town. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa na Uingereza kwenda Unguja, na Sultani Barghash akabanwa hadi akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Meli za Kiingereza zilikuwa zinakamata majahazi yaliyobeba watu. Swali likawa: wakishateremshwa, waende wapi? Kwao ni Nyasaland, ni Uyao, ni mbali, na vijiji vingine vilikuwa vimeteketezwa. Basi mwaka 1874 na 1875 wamisheni wa Church Missionary Society wakanunua ardhi hapa ng'ambo ya kisiwa, wakaweka makao ya waliokombolewa, wakayapa jina la Frere. Waliowasaidia kuyaanzisha ni Waafrika waliokuwa wamepitia hayo hayo mapema zaidi, wakapelekwa India, wakasoma Nasik, wakarudi na ufundi, Kiingereza na nyimbo za kanisani.

Kengele ilikuwa ya kuita ibada na kazi, na pia ya kutahadharisha. Watu huru wa Frere Town waliishi kwa kuangalia bahari, maana aliyekuuza jana anaweza kurudi leo. Ikilia wakati usio wake, ulijua la kufanya.

Usidhani ilikuwa paradiso. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi Mzungu wa misheni aliondolewa baada ya kugundulika kwamba watu waliokombolewa walikuwa wakichapwa viboko na kufungiwa. Uhuru ulikuja na ratiba, sare na fimbo. Na nje ya misheni, utumwa uliendelea kisheria pwani ya Kenya hadi 1907. Watoro kutoka mashamba ya minazi walikimbilia Rabai, ambako kasisi William Jones, Myao aliyewahi kuwa mtumwa mwenyewe na mmoja wa wale wa Nasik, aliwapokea. Mabwana wakawadai. Mwanzoni mwa 1889 kampuni ya Waingereza ikalipa fidia, na watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Soma tena: waliolipwa ni mabwana. Waliofanyishwa kazi bure wakapewa karatasi.

Lakini karatasi hiyo walijua kuitumia. Watu wa Frere Town wakawa walimu, makarani, wapiga chapa, mafundi, wakatawanyika Kenya nzima. James Juma Mbotela, wa ukoo uliotoka utumwani, akaandika Uhuru wa Watumwa, kikachapishwa 1934, mojawapo ya vitabu vya mwanzo vya hadithi ndefu kwa Kiswahili. Kama uliishi Nairobi, mtaa wa Mbotela una jina la mwanasiasa Tom Mbotela, aliyeuawa Novemba 1952. Na kama ulikulia kwenye nyumba yenye redio, ulimsikia Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Frere Town, akiuliza miaka nenda miaka rudi, "Je, huu ni ungwana?" Tulikuwa tunacheka, kwa sababu alikuwa akiwasema wanaotafuna kwa kelele na kukatiza foleni. Lakini rudia hilo swali ukijua limetoka kinywani mwa nani. Zamani mwungwana, pwani hii, maana yake ilikuwa mtu asiye mtumwa. Mjukuu wa mtu aliyeuzwa aliwauliza Wakenya, kwa miongo kadhaa, nani hasa anastahili jina hilo. Hakuna jiwe la langoni linaloweza kusema hivyo.

Si mbali na hapo, upande huo huo wa Nyali, kuna kaburi la Rosine Krapf. Alifika Mombasa na mumewe Johann Ludwig Krapf mwezi wa Mei 1844. Julai akafa kwa homa, na mtoto wake mchanga wa kike akamfuata siku chache tu baadaye. Krapf akabaki, akajifunza Kimvita, na kamusi yake kubwa ikatoka 1882 yeye akiwa amekufa. Ukitumia kamusi ya Kiswahili leo, kuna uzi mwembamba unaokufikisha kwenye kaburi hilo. Kuna uzi mwingine pia, kwa wazee wa Mombasa na Rabai waliokaa naye barazani wakimwambia neno baada ya neno. Hao jalada la kamusi halikuwa na nafasi yao.

Vitu hivi vyote havidumu kwa namna moja. Jiwe la Cabreira lilidumu kwa sababu lilikuwa na ngome ya kulishikilia. Toroli ilipotea kwa sababu hakuna aliyewauliza wasukumaji majina. Mnara wa Mbaraki umesimama kwa ubani. Frere Town imo kinywani mwa makanga asiyejua anatangaza nini, na hiyo si kazi ndogo, ameibeba kwa bei ya nauli.

Mji wa Kale unabomoka kwa ukimya. Milango ya kuchonga inang'olewa, baraza zinazibwa, nyumba ya zamani ikianguka inafuatwa na ghorofa. Nyali ardhi ni ghali, na kengele yenyewe iko kwenye makutano ambayo siku moja mhandisi atataka kuyapanua. Siku hiyo ikifika, swali litakuwa kama kuna watu wa kutosha wanaojua kwamba lile si pambo la barabarani. Kwa hiyo nenda na ujue. Ukirudi Nairobi, mwambie mtu mmoja, kwa mdomo wako. Na makanga akiuliza tena kama Kengeleni kuna mtu, wapo. Wamekuwepo tangu 1875.